Kopo dogo lililoangusha roketi

Wiki iliyopita mhariri alinigombeza. Nilichukua aya kwenye habari yangu ya zamani nikaibandika kwenye mpya, kumbe takwimu yake ilishapitwa na wakati. Nikakumbuka kisa cha Ariane 5.

Kwa sisi tusio wataalamu: kigeu katika programu ni kama kopo lenye jina. Ndani kuna namba, lakini kopo lenyewe lina sifa zake. Ni la namba nzima au la desimali? Linajaa wapi? Na nani anazitaja sifa hizo?

Mwaka 1957 Fortran, ya John Backus na wenzake wa IBM, iliachia herufi ya kwanza kazi hiyo. Jina likianza na I hadi N, namba nzima. Mengine yote, desimali. Ukikosea herufi moja unapata kopo jipya kimyakimya. ALGOL 60 ikadai utangaze kwanza. Ada, iliyofanywa rasmi 1983, ikakuruhusu kutaja hata kiwango cha chini na cha juu. Kikivukwa, inapiga kelele.

Ariane 5 ilitumia Ada. Iliruka Juni 4, 1996 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa na programu ya uelekezaji iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Namba ya desimali ya biti 64, inayohusu kasi ya mlalo, ilimiminwa kwenye kopo la biti 16 linaloishia 32,767. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi, kopo likafurika. Ada ikapiga kelele, ila hapakuandikwa maelekezo ya kuipokea. Kompyuta ikazima, ile ya akiba, yenye programu ileile, ilishazima kabla yake. Sekunde kama 40 tu, mita 3,700 angani, roketi na setilaiti zake nne vikawa vipande. Bahati nzuri hapakuwa na mtu ndani.

Tume ya uchunguzi ilikuta vigeu 7 vilishaonekana kuwa hatarini. Vinne vilikingwa, vitatu vikaachwa ili kompyuta isielemewe, kwa kuamini namba hazitafika huko. Kwa Ariane 4 hiyo ilikuwa kweli kabisa.

Jamani, lugha hulinda kile tulichokiandika. Kujua kama bado ni kweli ni kazi yetu. Aya yangu nayo ilikuwa kweli, mwaka ule. Sasa kila ninapobandika, napiga simu kwanza.