Vijumba vya Butere

Chini ya migomba ya Butere, magharibi mwa Kenya, kalongolongo, mchezo wa watoto wa kuigiza nyumba, huanza kwa kugombania kiwanja. Wakishapatana, watoto huchomeka vijiti, huezeka majani, humteua mama na kumtuma baba kazini. Mikebe mitupu hugeuka sufuria za kupikia ugali wa udongo. Mtoto wa nyumba hiyo ni gunzi lililovishwa kitambaa.

Ulaya, kinyume chake, kijumba cha wanasesere kilianza kikiwa mali ya watu wazima. Mtawala wa Bavaria, Albrecht V, alitengenezewa chake katika miaka ya 1550, na hakikuwa cha kuchezewa. Kile cha Malkia Mary wa Uingereza kilibuniwa na msanifu Edwin Lutyens na kuonyeshwa Wembley mwaka 1924: kila kitu kimepunguzwa mara 12, taa ziliwaka, mabomba yalitoa maji. Mwenye nyumba alikuwa amepita miaka 50.

Magharibi mwa Kenya nako watu wazima walikuwa na vijumba, ila si vya kuringishia wageni. Wabukusu, walio kaskazini mwa Butere, walijenga namwima, kibanda kidogo uani cha kuwatolea wahenga sadaka.

Katika boma la Kiluhya, mvulana akikua huondoka nyumbani kwa mama na kujijengea simba, yaani kibanda chake mwenyewe. Msichana, ambaye mara nyingi ndiye aliyeiendesha kalongolongo kuanzia jikoni hadi kitandani, hapati kibanda chake katika boma la babake. Huo ndio upungufu wa desturi yenyewe. Baadhi ya mabinti wa eneo hili walianza kuishi nje ya nyumba ya mama walipoingia bwenini, kama vile katika Butere Girls, shule iliyoanzishwa na mmisionari Jane Chadwick mwaka 1916.

Kwa mwanamume, deni la nyumba humfuata hata mautini. Akifia mjini bila kujenga kwao, ndugu huharakisha kusimamisha kibanda kabla ya jeneza kufika, ili asizikwe kama mtu asiye na boma. Zamani kilikuwa cha fito, udongo na nyasi. Siku hizi mabati machache hutosha. Kiko tayari kwa siku moja au mbili. Wapo Wakristo wanaoliona jambo hili kuwa ushirikina, na wapo ndugu wanaonung'unikia gharama, lakini misumari hununuliwa.