Shimo Lililopimwa Kiangazi: Udongo, Mteremko na Maji ya Mvua Kabungu

Kiangazi kikikolea, udongo mweusi wa mbugani hupasuka nyufa pana. Mimina humo ndoo ya maji, yatatoweka papo hapo. Anayepima kiwanja siku hiyo ataandika kwamba udongo unanywa maji vizuri, na mchoro wa shimo la kufyonzea maji ya paa utapitishwa. Kipimo hicho kinasema kinyume cha ukweli, na wahandisi wanaojenga Kabungu, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, hawapaswi kukikubali.

Mfinyanzi wa aina hii huvimba ukilowa. Nyufa hufunga, na maji hubaki na vinyweleo vidogo mno vya kupenya. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo shimo huanza kuhitajika wakati udongo umekwisha kubadilika. Tuchukue paa la meta za mraba 100 na mvua ya milimita 40: hizo ni lita 4,000. Shimo la meta mbili kwa mbili, lenye kina cha meta moja, linazipokea zote. Kwa viwango vya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), tifutifu yenye kichanga hunywa milimita 20 hadi 30 kwa saa, na mfinyanzi milimita 1 hadi 5. Tukihesabu sakafu pekee, kwa milimita 25 shimo litakauka baada ya saa 40. Kwa milimita 3 litahitaji karibu siku 14. Kuta husaidia kiasi, lakini katikati ya masika hakuna siku 14 za kusubiri.

Je, kiwanja kimekaa kwenye udongo upi? Swali hili lina historia hapa hapa nchini. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, ndiye aliyetoa mwaka 1935 dhana ya katena: kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka juu ya mwinuko hadi bondeni, kama pete za mnyororo mmoja. Katika nchi ya miombo, mara nyingi juu hukutwa udongo mwekundu unaopitisha maji, katikati kichanga kilichopauka, na chini mbuga nyeusi. Yote hayo huweza kupatikana ndani ya mwendo mfupi wa miguu. Kwenye ramani ya udongo ya 1:2,000,000, milimita moja ni kilomita mbili. Mnyororo mzima humezwa na nukta. Nashangaa kwamba dhana iliyozaliwa nchini mwetu haionekani katika michoro mingi ya viwanja vyetu.

Hata udongo mwekundu usiaminiwe kwa rangi. Chini yake huweza kulala tabaka la moramu iliyogandamana, nalo huzuia maji kama sakafu ya saruji. Kipimo cha nusu meta hakitaligusa. Pima kwenye kina kile kile ambapo shimo litaishia.

Udongo wenyewe huhifadhi kumbukumbu ya masika. Chimba, kisha tazama ukuta wa shimo: madoa ya kijivu yaliyochanganyika na ya rangi ya kutu ni dalili kwamba maji hutuama hapo sehemu ya mwaka, hata kama leo pamekauka kabisa. Waulize pia majirani mpunga hulimwa wapi. Mkulima huchagua jaruba mahali ambapo maji hayazami, na jibu lake limepimwa kwa misimu mingi kuliko jibu la mtaalamu aliyefika asubuhi.

Wapo watakaosema mradi hauwezi kungoja Januari ili kupima udongo ukiwa umelowa. Hoja yao ina uzito, na njia ipo: chimba mashimo matatu, juu, katikati na chini ya kiwanja, yaloweshe usiku kucha, na kwenye mfinyanzi kwa siku kadhaa, kisha jaza na kupima tena na tena mpaka kasi itulie. Kinachoandikwa ni kipimo cha mwisho. Shimo la kufyonzea likae pia mbali na kisima na msingi, kwa kuwa mfinyanzi unaovimba na kunywea kila mwaka hupasua kuta.

Na kwa kuwa mfinyanzi huo hufunga ukilowa, kwenye mbuga nyeusi shimo la kufyonzea lisichimbwe kabisa. Pale panafaa tangi na mtaro, hata kama kipimo cha Agosti kilimeza ndoo kumi.