Haijatoka Tumeshaiponda: Historia ya Mashabiki na Vionjo vya Tamthilia za Fantasia

Mnajua jezi mpya za timu zetu za Kariakoo zikizinduliwa inavyokuwa. Picha ikidondoka tu mtandaoni, dakika kumi nyingi watu wameshaanza kuponda: rangi mbaya, kola kama ya mhudumu wa hoteli, nani kadizaini hii kitu. Wiki mbili mbele hao hao wako foleni wanainunua, na ukiwauliza wanakwambia "ukiivaa inakaa poa."

Kwenye tamthilia za fantasia mambo ni hivyo hivyo, ila huko kuna sehemu utani unaisha na mtu anaumia kweli. Leo nataka tuirudie historia hiyo, na nianze kwa kujitaja mwenyewe.

Februari 2022 zilitoka picha za kwanza za The Rings of Power, tamthilia ya Amazon inayotokana na ulimwengu wa J.R.R. Tolkien. Mmoja wa wahusika alikuwa Elf, wale watu wa masikio yenye ncha wanaoishi milele. Muigizaji wake ni mweusi na kanyoa nywele fupi. Mimi nikaidaka picha, nikaandika juu yake "Elf katoka kunyolewa Buguruni", nikaitupa kwenye grupu. Watu wakacheka, na mimi nikajiona mkali. Nilikuwa sijaona hata sekunde moja ya tamthilia yenyewe.

Sasa turudi nyuma kidogo. Aprili 2000 ndipo mambo haya yalipoanza kuonekana kwa ukubwa wake. Kionjo cha muvi za The Lord of the Rings kiliwekwa kwenye intaneti na kikapakuliwa mara milioni 1.7 ndani ya saa 24. Kumbuka enzi hizo intaneti ilipita kwenye waya wa simu ya mezani, video fupi unaisubiri mpaka chai inapoa. Watu walivumilia. Na kabla muvi haijatoka, mashabiki walishapata fununu kwamba yule binti wa Kielf, Arwen, atapigana vita ambayo kwenye kitabu hakuwepo kabisa. Wakachachamaa. Vipande vyake vilikuwa vimeshapigwa, lakini mwishowe vikatolewa. Hapo mashabiki wakajifunza kitu kikubwa: kumbe tukipiga kelele tunasikika.

Ikaja Game of Thrones. Kipande cha kwanza cha majaribio kilirekodiwa 2009, kikawa kibaya mpaka sehemu kubwa ikabidi irudiwe. Ilipokaribia kuruka hewani Aprili 2011, waliosoma vitabu walikuwa na orodha ya malalamiko. Mojawapo lilikuwa macho: familia ya Targaryen kitabuni ina macho ya zambarau, na kwenye tamthilia hayakuwepo. Stori ilipokolea nani alikumbuka macho? Watu walikuwa wanahesabu vichwa vilivyokatwa.

Halafu The Witcher. Oktoba 31, 2018 Netflix walitoa video fupi ya shujaa wao akiwa na wigi jeupe. Daah, wigi lile lilichambwa! Likafananishwa na la Elf wa kwenye muvi za zamani. Yakaja mavazi ya jeshi la Nilfgaard, yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa ikasahaulika kwenye beseni. Hapo mashabiki walikuwa na haki, na watengenezaji walikubali: msimu wa pili jeshi likavalishwa upya. Cha kuchekesha ni hiki. Oktoba 2022 ilipotangazwa kwamba muigizaji yule wa wigi anaondoka, mashabiki wakasaini ombi la kutaka abaki. Wigi lilishageuka kuwa lao.

Mpaka hapo ni mambo ya jezi. Sasa turudi 2022.

Amazon walikuwa wamelipa takriban dola milioni 250 mwaka 2017 kwa ajili ya haki tu, kabla hata kamera haijawashwa. Februari 13, 2022 kionjo kikarushwa wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, na wenyewe wakatangaza kwamba kimetazamwa mara milioni 257 ndani ya siku moja. Chini ya video watu walijaza sentensi moja ile ile, kwa lugha mbalimbali, kwamba uovu hauwezi kuumba kitu kipya, unaharibu tu kilichoumbwa na wema. Walisema ni ya Tolkien. Wazo lipo kwenye vitabu vyake, ila kwa maneno yale walivyoyabandika, hakuyaandika yeye.

Na hapo ndipo penyewe. Hoja iliyotawala ilikuwa "tunalinda kitabu." Haya, tufungue kitabu basi. Tolkien aliandika kwamba Harfoot, ukoo mmojawapo wa Hobbit, walikuwa na ngozi ya kahawia kuliko wenzao. Waliokasirika kumuona Harfoot mweusi hawakuwa wanalinda kitabu, labda walikiruka. Upande wa pili, aliandika pia kwamba wanawake wa Dwarf, wale wachimba madini wafupi, mgeni hawezi kuwatofautisha na wanaume kwa sauti wala sura. Kwa hiyo aliyeuliza "mbona mwanamke wa Dwarf hana ndevu" alikuwa na hoja. Aliyeuliza "mbona ni mweusi" alikuwa na kitu kingine moyoni, na ndevu alizifanya mlango wa kuingilia.

Agosti mwaka huo huo House of the Dragon nayo ikatoka na familia tajiri ya mabaharia weusi. Kitabuni familia ile ina ngozi nyeupe, ni kweli. Ila muigizaji wao alisema jambo ambalo sijalisahau: watu wamekubali joka linaruka, wamekubali nywele nyeupe na macho ya zambarau, lakini mtu mweusi mwenye hela ndiyo wanaona haiwezekani.

Yule Elf niliyemtania mimi alieleza baadaye kwamba kwa karibu miaka miwili alikuwa anapokea jumbe za chuki karibu kila siku. Miaka miwili, wadau. Nilivyosoma hilo nilirudi kwenye grupu nikaitafuta ile picha yangu. Sikuwa nimemtumia yeye, na utani wangu ulikuwa wa kinyozi tu. Lakini mimi ni mweusi kama yeye, na nilichekea kitu kile kile walichokuwa wanakichekea wasiotaka yeye awepo. Niliifuta. Haikusaidia kitu, ilishasambazwa.

Septemba 2022, tamthilia ilipoanza, wale waigizaji wanne waliocheza Hobbit kwenye muvi za zamani walijitokeza wamevaa nguo zenye masikio ya rangi za ngozi tofauti na maandishi ya Kielf ya kukaribisha kila mtu. Ilikuwa safi sana. Ila nisiwapake kampuni mafuta kwa mgongo wa chupa. Kelele za wabaguzi ziliwasaidia pia. Kulikuwa na watu wenye malalamiko ya kweli: kwamba watengenezaji hawakuwa na haki za kitabu cha The Silmarillion, kwamba matukio ya maelfu ya miaka yamebanwa yawe kama ya msimu mmoja wa mvua, kwamba mazungumzo mengine yalikuwa mazito kama hotuba. Hao nao wakatupwa kapu moja na wenye chuki. Ukisema stori imelala, unaambiwa wewe mbaguzi. Kwa hiyo walioumia ni wawili: muigizaji aliyetukanwa bure, na shabiki mkweli ambaye hakusikilizwa.

Na Tolkien mwenyewe? Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akaondoka akiwa mtoto mdogo. Sisemi ni wa kwetu. Nasema dunia yake haijawahi kuwa mbali na Afrika kama wengine wanavyotaka tuamini.

Nilichojifunza kwenye miaka hii yote ni kimoja. Kionjo cha dakika moja hakikwambii tamthilia ni nzuri au mbaya. Kinakwambia wewe ulikuwa unaiona vipi kichwani. Ukikasirika, jiulize kwanza: nimekasirikia wigi, nimekasirikia stori, au nimekasirikia mtu? Wigi linabadilishwa. Stori inaandikwa upya msimu ujao. Mtu hana pa kuiacha ngozi yake.

Haya, tiririka hapo chini. Kionjo gani ulikiponda halafu ukaja kuwa shabiki lialia? Na kama kuna mtu ulimcheka kama nilivyofanya mimi, sema tu. Hapa hatuchekani.