Ngoro za Wamatengo na mchanga wa Mbamba Bay

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa safarini, kutoka Mbinga nikateremka hadi Mbamba Bay. Leo nawaletea historia niliyoikuta huko.

Ufukweni mzee mmoja alininyooshea kidole majini. "Mwanangu, tulikuwa tunacheza mpira pale penye ule mtumbwi." Nikadhani ananitania.

Kumbe wala! Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Shire kule Malawi. Ziwa lilishuka mpaka, kuanzia mwaka 1915 hivi hadi 1935, maji yakaacha kutoka. Likapanda tena, na mwaka 1980 lilikuwa juu sana. Kwa hiyo ukitaka kujua hatari ya kiwanja chako, waulize kwanza wazee maji yaliwahi kufika wapi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingoni. Mimi niliona matete yamefyekwa kupisha bustani, na mawimbi yanamega udongo mtupu.

Dawa yake ninaiona kule juu milimani. Karne ya 19 Wangoni waliwasukuma Wamatengo kwenye miteremko mikali, wakalazimika kulima huko bila udongo kuporomokea mitoni na ziwani. Ndipo zikashamiri ngoro. Mvua zikikaribia kuisha, wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Linabaki shimo lililozungukwa na matuta, na maharage hupandwa juu ya matuta. Maji hutulia shimoni, majani yakioza yanakuwa mbolea. Zaidi ya miaka 100 sasa!

Linganisheni na Uluguru. Waingereza waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 zikazuka ghasia. Lengo lilikuwa kuokoa udongo, lakini kazi ilikuwa ya bwana mkubwa. Ngoro ni za wenyewe, ndiyo maana zipo hadi leo.

Basi matete na miti ya ufukweni nayo yasilindwe kwa faini peke yake. Wanakijiji wakae na wazee wao, waweke mpaka wao wenyewe. La sivyo, wajukuu wa yule mzee nao watanyoosha vidole majini: nyumba yetu ilikuwa pale.

Wenzangu wa Liuli na Lituhi, kwenu hali ikoje? Karibuni tujadili.