Majitaka Yetu Yanakwenda Wapi?

Mwanzoni mwa muhula huwauliza wanafunzi wangu swali moja: maji uliyoogea asubuhi ya leo yamekwenda wapi? Darasa hucheka, kisha hunyamaza. Ukimya huo una historia.

Katika miaka ya 1920, utawala wa Waingereza uliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu kwa kutumia kanuni za ujenzi: ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo, Mnazi Mmoja ukaachwa wazi, na hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Mtandao wa majitaka uliojengwa baadaye ulianzia katikati ya mji, na bomba lake kuu likaelekezwa baharini. Waafrika wengi walibaki na choo cha shimo. Uhuru ulifuta kanda hizo katika sheria, lakini hadi leo ni sehemu ndogo tu ya wakazi wa jiji iliyounganishwa na mabomba hayo. Waliobaki hutegemea makaro, mashimo na magari ya kunyonya. Asiyemudu gari husubiri mvua kubwa, akatapisha choo chake usiku.

Sasa twende Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi kame ambayo mito inayotiririka mwaka mzima iko mipakani tu. Mwaka 1968 mji huo ulifungua mtambo wa Goreangab na kuwa wa kwanza duniani kusafisha majitaka ya majumbani hadi yakanyweka na kuyarudisha moja kwa moja katika mabomba ya mji. Mtambo mpya ulioanza kazi mwaka 2002 una uwezo wa kuzalisha mita za ujazo 21,000 kwa siku. Siri yake haimo katika ozoni na klorini pekee. Imo katika kutenganisha: majitaka ya viwandani hupelekwa kwingine, ili sumu isichanganyike na yale yanayokusudiwa kurudi kinywani.

Nisieleweke vibaya. Mtambo wa 1968 ulijengwa chini ya utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Miaka tisa kabla yake, tarehe 10 Desemba 1959, polisi wa utawala huohuo waliwapiga risasi Waafrika wa Windhoek waliokataa kuhamishwa kwa nguvu kwenda Katutura, jina ambalo kwa Kiherero hufasiriwa kuwa mahali tusipotaka kuishi. Serikali iliyojua kuokoa kila tone la maji haikuona thamani ya watu hao. Uhandisi hodari si ushahidi wa haki. Lakini Namibia huru haikuutupa ujuzi ule kwa sababu ya mikono iliyouanzisha. Iliurithi, ikaupanua.

Sisi je? Tunapenda kusema kwamba Watanzania hawawezi kukubali kutumia majitaka, eti ni kinyaa. Kauli hiyo si kweli. Tayari tunayatumia. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, ukipokea uchafu wa viwanda na wa majumbani, na kandokando yake wakulima humwagilia mchicha na matembele. Nairobi nako, wapo wakulima waliozoea kuzibua mabomba ya majitaka ili wamwagilie mashamba yao. Mboga hizo huingia sokoni, na mimi na wewe tumezila. Kilichokosekana ni usafishaji. Gharama ya kukosekana kwake hulipwa na mkulima asiye na buti na mtoto anayeugua tumbo.

Kwa hiyo kumfukuza mkulima bondeni na kung'oa mchicha wake hakutibu chochote. Maji yatabaki machafu, na njaa itamrudisha. Kwake majitaka ni maji na mbolea kwa pamoja, na hesabu yake si ya kijinga. Wajibu wa serikali ni kuifanya hesabu hiyo iwe salama: kuzuia kemikali za viwandani mlangoni mwa kiwanda, kuhudumia mabwawa tuliyonayo yasijae tope, na kufikisha huduma ya kunyonya makaro kwa bei anayoiweza mpangaji wa uswahilini.

Mtumishi wa umma unayesoma hapa, bajeti ijayo itakapokufikia mezani, tazama fungu la majisafi, kisha tazama la majitaka. Kila lita tunayojivunia kuifikisha nyumbani kwa mwananchi itatoka tena kwa mlango wa nyuma. Waliotutawala walijua itaelekea kwa nani. Sisi tumeamua iende wapi?