Fidia na Kifuta Machozi

Lugha yetu ina maneno kadha ya malipo apewayo mtu aliyeumia pasipo kosa lake, wala maneno hayo si mamoja. Dia ni malipo ya damu. Neno hili lilifika pwani pamoja na sheria ya Kiislamu, ambayo kwayo jamaa za mtu aliyeua kwa bahati mbaya huwalipa jamaa za marehemu. Fidia nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni ukombozi: mali itolewayo ili mateka aachiliwe. Kifuta jasho na kifuta machozi ni maneno yetu ya Kibantu, nayo hayana deni ndani yake. Mna jasho, mna machozi, na mna mkono wa mtu mwingine ufutao. Alipaye fidia anatimiza wajibu. Atoaye kifuta machozi anaonyesha huruma, na huruma haidaiwi barazani.

Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa ni ya walimu wa lugha tu. Lakini katika mkoa wa Mara, kutoka Kiriba ufukweni hata Butiama na Bunda, watu watatu waweza kuumia siku moja, kila mmoja bila hatia, nao wakatoka na majina matatu ya malipo.

Zamani, miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki, damu na viungo vya mtu aghalabu vililipwa kwa mifugo, na mdaiwa hakuwa mtu mmoja bali ukoo. Wazee hawakuuliza sana nia. Waliuliza nani ameumia, na kwa mkono wa nani. Kisha ikaja sheria ya Kiingereza, iliyopokewa Tanganyika kwa kipimo cha tarehe 22 Julai 1920, nayo ikaleta swali jipya: je, kulikuwa na uzembe? Asiyeweza kuuthibitisha uzembe alirudi nyumbani na jeraha lake. Tena Waingereza walikuwa na kanuni kali, iliyotokana na kesi ya Priestley na Fowler ya mwaka 1837, ya kijana wa mwuza nyama aliyevunjika paja gari lilipovunjika kwa kuzidiwa na mzigo. Kwa kanuni hiyo mtumishi hakuweza kumshtaki bwana wake kwa kosa la mtumishi mwenzake. Kanuni hiyo ilifutwa kwao mwaka 1948.

Wajerumani walikuwa wametangulia kuona ubovu wa njia hiyo. Mwaka 1884 walitunga sheria ya bima ya ajali kwa wafanyakazi wa viwandani mwao. Na mwaka uo huo Carl Peters alikuwa Usagara akikusanya alama za machifu wasiojua walichokitia sahihi. Waingereza walifuata mwaka 1897. Tanganyika ilingoja hata mwisho wa miaka ya 1940 kupata sheria ya kuwalipa wafanyakazi walioumia kazini. Ndipo mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba au Kiabakari, aliyeangukiwa na mwamba, alipoweza kudai kwa tajiri wake bila kuthibitisha kosa la mtu. (Tajiri ndilo neno la siku zile, mwajiri ni la baadaye, na sijui kama tulifanya vema kuliacha lile la kwanza, maana lilisema kweli.)

Sheria hiyo ilizeeka vibaya. Shilingi ilishuka thamani, lakini viwango vilisimama palepale, hata mwishowe fidia ya kifo haikuweza kuzidi shilingi 83,000, wala ya ulemavu wa kudumu 108,000. Haki ilikuwapo, mali ndiyo iliyokwisha. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Waajiri huuchangia, na mfanyakazi ambaye ulemavu wake wazidi asilimia 30 hupata pensheni ya kila mwezi.

Habari ya barabara ni fupi. Kila gari sharti liwe na bima, walau ile iitwayo bima ndogo, ili mpita njia aliyegongwa alipwe. Hapa swali la Kiingereza lingali hai: uzembe uthibitishwe, tena kesi ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kupita. Wengi huishia kwenye PF3 ya polisi, wakidhani kwamba karatasi ile ndiyo madai yenyewe.

Sasa nije kwa mtu wa tatu. Ni mkulima wa Bunda aliyekanyagwa na tembo atokaye Serengeti, au mvuvi wa Kiriba aliyeng'atwa na mamba akivuta nyavu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yasema kwamba wanyama wote wa nchi ni mali ya umma, na Rais ndiye amekabidhiwa dhamana yao. Ukimwua tembo bila kibali, utajua mara moja kwamba ana mwenyewe. Lakini tembo akikuvunja mguu, mwenyewe hadaiwi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu, na 200,000 kwa jeraha lisilo la kudumu. Na mawaziri wameeleza bungeni mara nyingi kwamba malipo hayo si fidia. Naona neno lilichaguliwa kwa makini. Sheria ya Kiingereza ya zamani ilimtoza kila afugaye mnyama mkali, hata kama hakuzembea, ila mnyama wa porini aliye huru ilimhesabu kuwa hana mwenyewe. Sisi tumempa mwenyewe, kisha tukauacha wajibu nje.

Mvuvi yule ana taabu ya pili. Yumo katika mtumbwi wa mtu, na ujira wake ni fungu la samaki. Aghalabu hakuna mkataba ulioandikwa, wala mwenye mtumbwi hajajiandikisha kwenye Mfuko. Mamba huyohuyo angalimng'ata mtumishi wa kampuni aliyetumwa ziwani kupima maji, jeraha lingeitwa ajali ya kazini, na daktari angepima ulemavu kwa asilimia. Mvuvi ataandikwa katika ofisi ya wanyamapori, kisha atangoja.