Kutoka Kutu ya Ngano hadi Sumukuvu ya Mahindi: Historia ya Utafiti wa Nafaka Arusha na Maeneo ya Mlima Meru

Ngano na mahindi yana historia mbili tofauti katika Arusha. Wakati wa ukoloni, ngano ilikuwa zao la mashamba makubwa ya walowezi, ilhali mahindi yalizidi kuwa chakula cha kila siku cha kaya za Wameru na Waarusha. Insha hii inadai kwamba tofauti hiyo ilichangia kuamua ni kuvu ipi ishughulikiwe mapema: ile inayopunguza mavuno ilitangulia, na ile inayomdhuru mlaji ikafuata kwa kuchelewa.

Baada ya uhuru, mradi wa ngano wa Tanzania na Kanada katika wilaya ya Hanang uliongeza uzito wa zao hilo. Kituo cha Utafiti cha Selian, nje kidogo ya mji wa Arusha, kilijihusisha na uboreshaji wa mbegu, na wakulima wakapata aina kama Tausi na Mbayuwayu. Adui mkubwa alikuwa kutu ya shina, ugonjwa uletwao na kuvu Puccinia graminis, ambayo spora zake hupeperushwa na upepo kutoka nchi moja hadi nyingine.

Duniani kote, wataalamu wa mbegu walitegemea sana jeni ya ukinzani iitwayo Sr31, iliyohamishiwa kwenye ngano kutoka rai, nafaka ya Ulaya iliyo jamaa yake. Mwaka 1998 nchini Uganda iligunduliwa kutu iliyoishinda jeni hiyo, ikaitwa Ug99. Ilionekana Kenya mwaka 2001, Ethiopia mwaka 2003 na Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2006 nchini Kenya tayari ilikuwa imepatikana aina yake nyingine iliyoishinda pia jeni ya Sr24. Ilidhihirika kwamba ukinzani wa jeni moja haudumu, na watafiti wakahimizwa kukusanya jeni kadhaa ndani ya mbegu moja.

Kuvu za mahindi hazikuvuta macho kwa namna hiyo. Shamba lililopatwa na kutu huonekana kwa macho na hasara yake huhesabiwa kwa magunia. Punje yenye sumukuvu yaweza kuonekana safi. Aflatoksini ilitambuliwa baada ya vifo vya batamzinga zaidi ya 100,000 nchini Uingereza mwaka 1960, lakini kwa muda mrefu madhara yake kwa kaya za Tanzania hayakupewa uzito unaostahili. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika Rombo, katika mkoa jirani wa Kilimanjaro, ukionesha kwamba watoto wachanga waliokula fumonisini kupita kiwango kupitia uji wa mahindi walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Mmoja wa watafiti hao, Martin Kimanya, baadaye aliendeleza kazi hiyo katika Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha. Mwaka 2016 mlipuko wa sumu ya aflatoksini katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu.

Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na suala la afya likageuka kuwa suala la biashara. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Hata hivyo, kiwango hicho hulinda zaidi mahindi yanayouzwa. Mkulima wa miteremko ya Meru anayekula mavuno yake mwenyewe hapiti mbele ya mkaguzi yeyote.

Mwaka 2018 Tanzania ilisajili Aflasafe, inayotumia kuvu za jamii ileile zisizo na uwezo wa kutengeneza sumu ili zichukue nafasi ya zile zenye sumu. Kwa hiyo, elimu ya jeni za kuvu sasa inamhudumia pia mlaji. Lakini haiwezi kuchukua nafasi ya kukausha, kuchambua na kuhifadhi vizuri. Kutokana na historia hii, mafanikio ya utafiti wa nafaka Arusha yanapaswa kupimwa kwa wingi wa magunia pamoja na usalama wa uji anaonyweshwa mtoto.